Senti ya Tundu

Walipogawana, mkubwa alichukua ng'ombe saba,
Malogo shamba la chini, lenye kisima,
Chilewa la juu, la mawe, na nyumba ya bati.
Mimi nilikuwa jikoni nakwangua sufuria za matanga.
Baba mdogo akaja na kitu kiganjani:
"Na wewe, Mbeleje, chukua hako kasenti."
Wakacheka kidogo, kicheko cha watu walioshiba.

Senti kumi. Ya shaba. Katikati tundu.
Pembe mbili za ndovu zimelizunguka
kama viganja vinavyokinga kibatari na upepo.
Jina la mfalme limelambwa na vidole.
Mwaka ni elfu moja mia tisa arobaini na
basi, namba ya mwisho imekwenda na jasho la mtu.

Mama aliipata akiwa msichana, stesheni ya Kikombo.
Abiria alinunua karanga dirishani,
treni ikaanza kuondoka, akairusha,
ikabingirika hadi relini, naye akaingia kuifuata.
Alichapwa kwa kupita chini ya behewa.
Kisha wakamfunga senti ileile shingoni, akome.

Tangu hapo haikununua kitu. Ilifanya kazi.
Ilikaza parafujo ya cherehani.
Ilikwangua ukoko.
Ilikuwa washa ya bomba mwaka ule
maji yalipokuja Jumanne tu.
Chilewa alipoanguka kwenye mkokoteni
ililala juu ya nundu yake usiku kucha, baridi,
na mama akiishikilia.

Zabibu zilipofika Mpunguzi, ikapata ajira ya kudumu.
Majani yakishapukutika, unashika tawi,
unaivisha senti nchani kama pete,
unaisukuma taratibu kuelekea shinani.
Inapita. Inapita, pale pembamba pasipozaa.
Inakwama.
Hapo. Juu yake kidogo, mkasi.
"Penye kukwama ndipo penye zabibu," alisema,
na hakuwa mtu wa methali;
alikuwa anazungumzia zabibu.

Bwana shamba alikuja kufundisha: unene wa penseli.
Mama akaitazama ile penseli.
Akamuuliza bei.

Mwanangu Nyemo aliipiga picha kwa simu,
kuna watu mjini wananunua vya kale.
Jibu likaja usiku: zipo nyingi mno, mama,
elfu mbili, labda na mia tano.
Kilo moja ya zabibu, msimu mbaya.
Nikamwambia azime simu, inakula chaji.

Mwaka wa kwanza kaka zangu walikata kwa macho.
Wakavuna majani, ungedhani wamepanda mchicha.
Mwaka wa pili, Agosti, upepo wa vumbi,
Malogo yuko uani kwangu, kofia mkononi.
"Mbukwa, dada."
Hajanisalimia hivyo tangu msiba.
Akaeleza ya ng'ombe, ya kikohozi cha mtoto,
ya barabara. Nikamwacha azunguke.
Nilikuwa napeta uwele, sina haraka.
"Kale kasenti," akasema, akitazama ungo. "Kapo?"

Kapo. Nimekafunga kwa uzi wa katani
pamoja na ufunguo wa ghala langu,
ili anayekachukua nijue lazima arudi.
Asubuhi ni ya Malogo, mchana ya Chilewa.
Chilewa hasemi asante; huituma na boga.

Jioni inarudi kwangu ina utomvu, ina joto la mifuko yao.
Nina mizabibu minne nyuma ya bafu,
inakunywa maji ya kuogea.
Naishika tochi kwa meno.
Tawi la kwanza, inapita hadi mwisho: nakata lote.
La pili vivyo hivyo.
La tatu, inapita vifundo vinne, vitano,
nasukuma kwa kidole gumba,
inagoma.

Usiku, kitandani, nasikia matawi yaliyokatwa
yakidondosha maji yake kwenye ndoo niliyoisahau,
tone, halafu tone,
kama bomba lisilo na washa.